Peugeot au Porsche? Swali la Mjomba wa Mwakitolyo

Kwetu Mwakitolyo gari ni tangazo. Duara likitoa mawe mazuri, mtaa mzima unajua, maana Crown imeshapaki nje ya nyumba ya bati. Duara likikauka, Crown inauzwa kwa hasara. Ndiyo maana mjomba aliponiuliza likizo iliyopita, hakuwa anatania: "Mpwa wangu, nasikia kuna magari ya zamani ambayo kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyopanda bei. Kwa nini nisinunue hilo?" Ana hisa kwenye duara moja, na fedha anayoisema ndiyo hiyohiyo inayonilipia ada.

Nikampa mawili ya kulinganisha, yote ya milango miwili, yote ya Ulaya, na yote yamekula vumbi la Afrika Mashariki: Peugeot 504 Coupé V6 na Porsche 911 SC. Kwenye Safari Rally ya 1978 kule Kenya, Mfaransa Jean-Pierre Nicolas alishinda na Peugeot. Wa pili alikuwa Mkenya Vic Preston Jr. ndani ya Porsche. Na 911 ilikuwa imeshaambulia nafasi ya pili 1972 na 1974.

Kwa matokeo hayo utasema Peugeot ndiyo ghali. Wapi! Leo kwa wakusanyaji, 911 SC inaiacha mbali sana. Jina linachangia, lakini kuna sababu za gereji pia. Bodi ya 911 ya miaka hiyo ni ya chuma kilichopakwa zinki, kwa hiyo inapambana na kutu. Injini yake iko nyuma na inapozwa kwa hewa, haina rejeta ya kupasuka. Na kampuni bado inauza spea za magari yake ya zamani.

Peugeot ni nzuri zaidi kwa macho yangu. Bodi yake ilichorwa na kutengenezwa na Pininfarina wa Italia. Hapo ndipo penye shida: mlango wa ile 504 ya kawaida, waliyoizoea wazee wetu, hauingii. Na kutu inaipenda kweli.

Kwa hiyo kama ni moyo, Peugeot. Kama ni kutunza fedha, Porsche. Lakini nilimwambia mjomba kuna swali la tatu: utamuuzia nani? Gari kuukuu ukiliingiza nchini linaongezewa ushuru wa uchakavu. Linataka banda kavu na fundi anayelijua. Mnunuzi wake yuko Ulaya, labda Nairobi, Kahama hayupo. Gramu ya dhahabu unaipeleka soko la madini Kahama ukiwa na shida ya ada, na jioni una hela. Haidai spea wala haishiki kutu.

Mjomba alikaa kimya, kisha akasema dhahabu huwezi kuiendesha. Wadau, hapo sikuwa na jibu. Mtu aliyeshinda miaka shimoni anataka kitu kinachoonekana, na ni haki yake. Nilichomwomba ni kimoja: aanze na kinachouzika hapahapa, ada ilipwe, halafu kitakachobaki akipende anavyotaka. Kikitosha Peugeot, mimi nitaiosha kila Jumapili.