Asubuhi moja ya mafunzo, kisha foleni

Mpenzi msomaji, iwapo umewahi kuingia katika mkahawa mmoja wa ile iliyotapakaa Lavington, Kilimani na Westlands, ukaagiza kapuchino na kuletewa kikombe cha maziwa yaliyoungua chenye povu kama la kufulia nguo, basi nakuomba radhi. Huenda ni mimi niliyekutengenezea.

Mimi ni mkazi wa Gatina, Kawangware, na ninaishi na ndugu yangu mdogo ambaye ninamsomesha. Nilikuwa nimehudumu mezani kwa miezi saba katika mkahawa ambao jina lake nitalihifadhi, wakati barista wetu alipoacha kazi ghafla mwisho wa mwezi. Meneja aliniita kando, akaniambia, "Wewe una mikono myepesi. Kuanzia Jumatatu utakuwa kwa mashine." Jamani, nilifurahi! Usiku huohuo nilimpigia mama simu Nyamira kumweleza kwamba nimepandishwa cheo na mshahara utaongezeka. Karo ya kijana nilikuwa nimeshaipigia hesabu kabla sijaigusa mashine yenyewe.

Mafunzo yangu yalikuwa asubuhi moja tu. Alikuja kijana kutoka tawi jingine, akatengeneza vikombe vitano huku simu ikiwa sikioni, akaniuliza, "Umeona?" Nami, kwa kuogopa kuonekana mjinga, nikajibu kwamba nimeona. Kufikia saa nne alikuwa ameshaondoka. Kesho yake, saa moja na nusu asubuhi, foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Usidhani kutengeneza kahawa ya mashine ni kubonyeza kidude na kungoja. Kahawa ya espreso huhitaji takriban gramu 18 za unga, ushindiliwe sawasawa, kisha maji ya moto wa nyuzi 90 hivi na zaidi yasukumwe ndani yake kwa nguvu. Yakitoka kwa sekunde 25 hadi 30 na kukupa gramu zipatazo 36 za kahawa, umepatia. Unga ukiwa wa chengachenga, maji hupita mbio kwa sekunde kumi na kahawa inakuwa chachu na nyepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Ukiwa laini mno, hutiririka tone kwa tone na kuwa chungu kama dawa. Tena mashine ya kusagia haikai vile ulivyoiacha jana. Kahawa hubadilika kadiri siku zinavyopita tangu ilipokaangwa, na hali ya hewa nayo ina lake, hivyo kila asubuhi ni lazima uonje na uirekebishe upya.

Hayo yote sikuambiwa hata moja. Nilishinda wiki tatu nikilaumu mikono yangu ilhali kosa lilikuwa katika gurudumu dogo la kurekebishia usagaji, ambalo niliogopa hata kuligusa. Ajabu ni kwamba kijana anayeendesha kinu cha posho karibu na nyumbani kwetu huuchukua unga wa kila mteja, akausugua kwa vidole, kisha akakaza au akalegeza. Nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote ya Nairobi na haikunijia akilini.

Lakini si kahawa iliyonitesa zaidi, ni hofu. Nilianza kuumwa na tumbo kila nilipopita Gitanga Road nikielekea kazini. Usiku niliota nasikia karatasi za oda zikitoka kwenye kile kimashine chao, krr, krr, na mikono yangu imekufa ganzi. Mteja mmoja alirudisha kikombe mara tatu, na mara ya tatu hakusema neno, alikisukuma tu. Siku hiyo niliungua kifundo cha mkono kwa mvuke na sikumwambia mtu.

Jioni yake ndugu yangu aliniomba shilingi mia mbili za kitabu cha mazoezi. Nilimfokea hadi jirani akanyamazisha redio yake. Kijana aliiacha sahani ya ugali jinsi ilivyokuwa, akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Mimi nami nililala bila kula. Nakuambia haya, msomaji, kwa sababu wengi wetu huyaleta mambo ya kazini nyumbani tukadhani tumeyaacha langoni.

Mwisho wa mwezi ndipo niliposhikwa na kizunguzungu. Mshahara ulikuwa umekatwa shilingi 1,900, na kando yake pameandikwa "hasara ya maziwa". Nyongeza yote niliyokuwa nimemtangazia mama ilikuwa imeliwa. Niliamua kuacha kazi.

Sasa, penye njia yetu pana mama anayeuza chai na mandazi kuanzia saa kumi na moja alfajiri, wateja wake wakiwa walinzi na akina mama wanaokwenda kwa miguu kufua na kusafisha nyumba huko Lavington. Nilipita hapo asubuhi iliyofuata nikiwa nimevimba macho. "Mwanangu, nani amekufia?" aliniuliza. Nilimweleza yote. Hakunipa pole. Alisema siku yake ya kwanza aliunguza lita kumi, "lakini niliunguza yangu. Wewe unaunguza ya wenyewe, ndiyo maana unatetemeka." Kisha akaniambia nisitazame sufuria yake bali nisikilize. Kweli bwana, maziwa yana sauti! Huanza kwa kunong'ona, yakawa yanaguruma, halafu kabla tu ya kupanda hunyamaza kidogo. Yeye huishusha wakati wa ule ukimya, hata kama amewapa mgongo.

Sikuacha kazi siku hiyo. Nilikwenda nikiwa na shauku ya kusikiliza, na nikagundua kwamba mvuke nao una lugha yake. Mwanzoni, ncha ya kibomba ikiwa karibu na uso wa maziwa baridi, husikika kama karatasi inayochanwa polepole, na hapo ndipo hewa inapoingia. Baada ya sekunde chache unaizamisha ncha, maziwa yazunguke kimyakimya hadi jagi lishindwe kushikika kwa kiganja, yaani nyuzi 60 hadi 65. Ukizidi 70 utamu hupotea na harufu huja. Mimi nilikuwa nikiyachemsha kabisa kama ya chai.

Msaada mwingine ulitoka mahali nisipotarajia. Mzee anayeosha vyombo, ambaye alikuwa amewaona mabarista watatu wakija na kuondoka, aliniuliza mbona sifanyi mazoezi kwa maji na tone la sabuni ya vyombo. Povu lake hufanana na la maziwa na halimgharimu mtu! Nikawa nafika nusu saa mapema. (Ukijaribu, suuza jagi na kibomba vizuri sana, na ufungue mvuke utoke mtupu kabla ya kugusa maziwa ya mteja.) Nilinunua daftari pia. Kila asubuhi niliandika gramu, sekunde na ladha. Wiki mbili baadaye niliweza kufungua ukurasa na kuona kwamba siku za mvua maji yalikuwa yakipita kwa mwendo tofauti, hivyo sikuwa mchawi wala mjinga.

Kuhusu yale makato, mpangaji mwenzetu anayesomea sheria alinionyesha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19. Kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini ni pale mfanyakazi alipofanya kosa kwa makusudi. Kukosea kwa kutofundishwa si makusudi. Aliniambia pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri atoe maelezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika ili mfanyakazi asiumie. Niliutazama mkono wangu.

Sikumwendea meneja wakati wa foleni. Nilingoja saa tisa alasiri, meza zikiwa tupu, nikampelekea daftari kwanza, sheria baadaye. Nilidhani atanifukuza. Alifungua kurasa, akakaa kimya, kisha akakiri kwamba yeye mwenyewe hajui kuitumia ile mashine. Bosi mzima! Tangu siku hiyo maziwa yanayokaribia kuisha muda ninaruhusiwa kuyafanyia mazoezi, na makato yalikoma. Zile 1,900 sikurudishiwa. Naendelea kuzidai kila mwisho wa mwezi, kwa adabu.

Nilimwomba ndugu yangu msamaha, jambo ambalo kwetu mkubwa hamfanyii mdogo. Alicheka, akaniuliza iwapo kitabu bado kipo kwenye mpango.

Agosti mama alikuja Nairobi. Kwetu kulikuwa na mibuni tangu enzi za babu, na mama amechuma buni na kuzibeba kichwani hadi kiwandani miaka mingi, lakini kahawa yenyewe hakuwahi kuinywa, kama ilivyo kwa wakulima wengi wetu. Hata hapa mjini, mapadri Wafaransa wa misheni ya Mtakatifu Austin, ng'ambo tu ya Gatina, walipanda kahawa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na sisi majirani bado tunakunywa chai.

Siku yangu ya mapumziko nilimpeleka kazini. Nilipima gramu 18, nikahesabu sekunde 27, nikayasikiliza maziwa hadi mwisho, nikamchorea jani juu ya povu. Wenzangu wote walisimama kutazama. Mama alikigeuza kikombe akilisifu lile jani, akanywa funda moja, akaomba sukari. Akanywa la pili, akaomba sukari tena. Kisha akaniinamia sikioni, asije akaniaibisha mbele ya watu, akauliza kama hapa kwetu hakuna chai.