Picha ya Pilau Haina Harufu

Wasee wa Kibabii na Bungoma yote, leo tuongee kuhusu hii lanchi tunayoagiza WhatsApp. Unaona picha ya pilau na kachumbari, bei poa, unatuma pesa kwa M-Pesa, boda anakuletea hadi kwa geti ya hosteli. Rahisi sana. Lakini hapo umenunua nini hasa?

Kwa kibanda, macho na pua hufanya kazi kabla ya mdomo. Unaona sufuria ikitoa mvuke, unaona kama mama amenawa mikono na vyombo vinaoshwa na maji gani. Nzi wakizidi, unajifanya una haraka, unapita. Kwa simu unapata picha tu, na picha haina harufu. Pengine hata ilipigwa wiki jana.

Sisi huuliza "ni pesa ngapi?" na "mnaleta hadi wapi?" Swali kubwa tunaliruka: kimepikwa saa ngapi?

Chukua wali. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, na mbegu zake huvumilia moto wa kupika. Wali ukikaa vuguvugu kwa muda mrefu, mbegu huamka, bakteria wanazaana na kutoa sumu. Kuna aina ya sumu hiyo ambayo hata ukipasha chakula tena, haiishi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwa joto la kawaida zaidi ya saa 2. Sasa piga hesabu: kimepikwa saa nne asubuhi, kikafungwa, boda akapitia wateja wengine watatu, wewe ukakifungua saa kumi ukitoka klasi. Hayo ni masaa 6.

Jirani yangu wa ploti alipatikana hivyo. Alitapika usiku kucha, na asubuhi alipompigia muuzaji, simu ilikuwa mteja. Hajui jikoni iko mtaa gani. Aende kulalamika wapi?

Sisemi watu wafunge biashara. Wengi wanaouza ni wanafunzi wenzetu wanaotafuta pesa ya kodi. Lakini Kenya, anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa kupimwa na kuwa na cheti cha afya, kinachofanywa upya kila miezi 6. Afisa wa afya ya umma akipita, mama wa kibanda huulizwa chake. Mbona wa WhatsApp asiulizwe? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kulindwa afya yake na kupewa habari za kile anachonunua. Kwa hivyo kuuliza si kiburi.

Kabla ya kutuma pesa, uliza vitu vitatu: kimepikwa saa ngapi, kimepikwa wapi, na cheti kiko? Mwenye jikoni safi atakujibu bila kununa. Akianza hasira, achana naye. Chapo madondo ya kibanda bado iko, na utaiona ikitoka motoni.