Mapovu Bila Kamati

Jamani, nani hajawahi kukaa ukumbini Dar es Salaam akisubiri shampeni ifunguliwe? MC anapaza sauti, DJ anaongeza muziki, kizibo kinaruka, vigelegele! Kisha chupa inawekwa pembeni na hakuna anayeuliza ndani kulikuwa na nini. Mara nyingi si shampeni. Shampeni halisi inatoka Champagne, Ufaransa, basi. Nyingi za bei nafuu ni waini iliyopulizwa gesi, kama soda tu.

Mimi naolewa mwaka huu, panapo majaliwa. Kamati imeshakaa vikao vitatu, na bajeti ya vinywaji peke yake ingetulipia kodi ya nyumba mwaka mzima. Mchumba wangu ameanza kuulizia mkopo. Labda ndiyo maana chupa aliyoniletea dada yangu anayeishi Geneva imenikaa sana kichwani.

Inaitwa Cerdon, jina la kijiji kilichopo Bugey, mashariki mwa Ufaransa, kati ya Lyon na Geneva. Dada huinunua kwa familia moja yenye shamba dogo la mizabibu, palepale nyumbani kwao. Ni mvinyo wa pinki, wa zabibu aina ya Gamay, na wengine huchanganya na Poulsard. Zabibu huchumwa kwa mkono, zikakamuliwa, juisi ikaachwa ichachuke taratibu kwenye baridi. Kilevi kikifika kama asilimia 6, sukari ya zabibu ikiwa bado ipo, mvinyo unatiwa kwenye chupa na kufungwa. Humo ndani unaendelea kuchachuka wenyewe. Gesi haina pa kutokea, na hayo ndiyo mapovu yake. Shampeni huongezewa sukari na hamira ili ichachuke mara ya pili. Cerdon inamalizia tu kazi iliyoianza.

Kwa sisi watu wa pwani jambo hili si geni. Babu yangu mzaa mama alikuwa mgema kule Tanga. Mnazi wa asubuhi ni mtamu na unatoa povu wenyewe. Ukifika jioni umeshakuwa mkali. Kazi ya babu ilikuwa kujua wakati, na kutotia maji hata akisifiwa vipi!

Tuliifungua Jumapili jioni, mimi na mchumba wangu, na sahani ya maembe. Vipovu vidogo vidogo, harufu ya stroberi, utamu wenye uchachu kidogo. Ina asilimia 8 tu, wakati waini nyingi hufika 12 au 13. Kwa hiyo tulikuwa na akili zetu timamu nilipomwambia, "Mpenzi, mkopo wa harusi siutaki."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mama yangu amechangia harusi za watu miaka yote hii. Mimi ndiye kifungua mimba wake. Nimwambie nini?"

Si hoja ndogo hiyo, mwenzangu. Mama wa watu amevaa sare za kila sherehe, ametoa kila alipoombwa, na sasa ni zamu yake kurudishiwa. Nisingeweza kumjibu kwa maneno matamu. Tukachukua karatasi tukapiga hesabu: wageni 400, halafu wageni 150. Mkopo ule ungetufuata mpaka mtoto wa kwanza aanze chekechea. Aliangalia zile namba muda mrefu, akajimiminia iliyobaki, akanigawia nusu.

Tumekubaliana hivi: hakuna mkopo. Ukumbi utalingana na michango iliyoingia mkononi, ahadi hazihesabiwi. Shampeni tumeifuta kwenye bajeti. Mjomba, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, bado hajapoa.

Jumamosi tunakwenda kwa mama mkwe kumweleza wenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Simjui vizuri bado, na kusema ukweli naogopa. Lakini wewe unayepanga harusi, nakushauri: kabla ya kikao kijacho cha kamati, tafuteni jioni moja mkae wawili tu, na kinywaji chochote mnachokipenda, mwambiane ukweli kuhusu pesa. Hiyo kamati ikishavunjwa, mtabaki ninyi wawili.