Kukosa na Kukosoa

Kukosa na kukosoa ni maneno ya shina moja, walakini kila moja limeshika njia yake. Akosaye hukosa shabaha, au njia, au adabu. Akosoaye hulitangua kosa, maana kiishilizo kilichoongezwa hapo ni ndugu wa kile kigeuzacho kuziba kuwa kuzibua, na kuchoma kuwa kuchomoa. Kwa asili ya neno, basi, mkosoaji ni mfungua fundo. Ajabu ni kwamba wengi wajiitao wakosoaji hulishika fundo wakalikaza, kisha wakasimama kando kutazama nani atalifungua. Kiswahili kina majina mengine kwa kazi hiyo: kulaumu, kubeza, kusuta, kusimanga. Katika hayo kusimanga ndiko kubaya kupita yote, kwani msimangaji hudai kwamba alitoa kitu, na sasa ataka kulipwa kwa machozi ya aliyepewa.

Majina hayo yote yalipata wenyewe jioni moja katika baraza ya kahawa mjini Bagamoyo, si mbali na Ngome Kongwe. Asili ya mjadala ilikuwa ndogo. Alasiri ile, katika kiwanja cha sementi, vijana walikuwa wakicheza mpira wa kikapu, na mmoja wao, aliyewapita wenzake kwa kichwa kizima, alitupa mara tisa akapata mara mbili tu. Alipokosa mara ya saba, sauti ilitoka pembeni: "Thabeet!" Watu wakaangua kicheko.

Yafaa jina hilo lielezwe, kwa kuwa baadhi ya walichekao walikuwa hawajazaliwa lilipokuwa sifa. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari, 1987. Mpira wa kikapu aliushika akiwa kijana wa makamo ya sekondari, umri ambao wenzake wa Marekani aghalabu huwa wamekwisha ucheza nusu ya maisha yao. Alikua hata akafika mita 2.21. Alicheza misimu mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2008 na 2009 alitajwa kuwa mlinzi bora wa vyuo vya Marekani. Tarehe 25 Juni, 2009, timu ya Memphis Grizzlies ilimteua katika nafasi ya pili miongoni mwa vijana wote walioingia ligi ya NBA mwaka ule. Hakuna Mtanzania aliyepata kufika huko kabla yake. Na jina lenyewe, kwa masikio ya Mswahili, lilikuwa na bahati ndani yake: thabiti ni yule asiyeyumba.

Kabla ya heshima hiyo ulikuwako usiku wa onyo. Tarehe 16 Februari, 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Connecticut, iliyoshika namba moja katika orodha ya vyuo, ilicheza na Pittsburgh ikashindwa kwa pointi 76 kwa 68. Majuma machache nyuma Thabeet alikuwa amezuia mitupo 10 katika mchezo mmoja na Providence. Usiku huu alipata pointi 5 na kudaka mipira 4. DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa kadiri ya shubiri, alipata pointi 22, akadaka mipira 23, na katika kugombea mpira mmoja alimpindua Thabeet juu ya bega lake kama mchukuzi atuaye gunia. Picha ya kitendo kile iliishi kuliko mchezo wenyewe.

Mchezo uanzao saa moja ya jioni upande ule wa Marekani, katika majira yao ya baridi, huku pwani huanza saa tisa ya usiku. Mvuvi yuko baharini, mwalimu yuko usingizini. Kwa hiyo wengi hawakuona kitu. Waliamkia habari, na habari iliwafikia ikiwa imekwisha tiwa chumvi na pilipili. Hili si jambo dogo. Mtu aliyeona mtupo ukikosa aweza kusema mkono ulikuwa wapi na mguu ulikuwa wapi. Aliyesoma hesabu asubuhi hana la kusema ila kwamba hesabu ni ndogo.

Hesabu za NBA nazo zilikuwa ndogo. Katika msimu wa kwanza alicheza michezo 68, akapata wastani wa pointi 3.1. Februari 2010 Memphis ilimpeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini, na hadi siku ile hapakuwa na mchezaji aliyeteuliwa katika nafasi ya juu kama yake aliyewahi kushushwa huko. Baadaye alipita Houston, Portland na Oklahoma City; mwaka 2014 safari yake ya NBA ikakoma. James Harden, aliyeteuliwa wa tatu nyuma yake, alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018. Stephen Curry, wa saba, aliipata heshima hiyo mara mbili, 2015 na 2016.

Mwanafunzi mmoja wa chuo, aliyekuwa barazani na kikombe mkononi, alizishika hesabu hizi kama hakimu ashikavyo hati. "Wazee wangu," alisema, "sisi hatumtukani mtu. Lakini aliyekaa mbele ya Harden na Curry lazima apimwe kwa Harden na Curry."

Fundi wa majahazi, mzee mwenye vidole vilivyokauka kwa mafuta na pamba ya kukalafatia, alimwuliza: "Alikaa mwenyewe, mwanangu, au alikalishwa?"

"Alikalishwa, babu."

"Basi mlaumu aliyemkalisha. Mimi nikienda msituni nikachagua mlingoti kwa urefu wake peke yake, nisitazame mshipa wa mti, ukivunjika Mkondo wa Unguja abiria watanishika mimi. Mti haukuniomba niukate."

Neno hili lilipendwa sana, kwani maneno ya fundi hupendwa kabla ya kupimwa. Likipimwa, lina ufa. Mti haufanyi mazoezi. Mti haupokei mshahara, wala hauwezi kujifunza kudaka mpira kwa mikono miwili. Mwanafunzi aliliona hilo upesi, akasema kwamba kumfananisha mtu na mti ili kumwokoa na lawama ni kumvua utu wake. Na kwamba, kwa maoni yake, walimwengu walimsifu mno kijana yule kwa kimo hata pengine ikawa vigumu kwake kusikia lililobaki. Hapo alikuwa na haki. Kumnyima mtu ukosoaji kwa sababu ya huruma ni dharau iliyovaa kanzu safi.

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye hata hapo alikuwa kimya, ndiye aliyeleta jambo jipya. Alisema kwamba Thabeet hakuwa mtupaji mbaya hata kidogo: mitupo yake ya NBA iliingia zaidi ya nusu, na si wengi wawezao kujivunia hivyo. Ni kweli kwamba alitupa kwa uchache, na karibu na kikapu. Lakini katika msimu wake wa kwanza alipewa kadiri ya dakika 13 katika mchezo wa dakika 48. "Mnamcheka kwa kosa ambalo siye aliyelitenda," alisema. "Mlitaka kusema kwamba hakuwa mwepesi, au kwamba alifanya madhambi haraka. Semeni hilo. Lakini hamkutazama, mlisikia." Mwanafunzi hakujibu. Yamkini alikuwa akihesabu.

Ndipo mtu wa nne, mfanyabiashara aliyeshuka kwenye basi la Dar es Salaam, alipojitia kati na kusema: "Tulimtegemea, akatuangusha." Hakuna aliyemwuliza alimtegemeza kwa nini, kwa kiatu gani, kwa nauli ipi, kwa mpira upi. Lingeulizwa, baraza ingevunjika mapema. Taifa lililompokea kijana akiwa amekwisha faulu lilimdai kama mzazi, na madai ya namna hii husikika kila palipo na redio, kwa mwanariadha, kwa bondia, na kila wiki kwa walinda mlango wa Simba na Yanga. Thabeet mwenyewe hakuacha kazi. Mwaka 2017 alikuwa Japani, akichezea Yokohama. Habari hiyo haikusafiri kama ilivyosafiri picha ya bega la Blair.

Kijana wa alasiri alikuwako muda wote huo, ameegemea nguzo, magoti yake yamefika mbali mbele yake. Alikuwa amekaa katika mjadala wa jina alilotupiwa, na hapana aliyemtazama ila fundi.

"Umetupa mara ngapi leo?"

"Tisa, babu."

"Umekosa ngapi?"

"Saba."

Mfanyabiashara akacheka. Mwanafunzi akaweka kikombe chini, akasimama, akauinua mkono wake wa kuume juu ya kichwa, kiwiko kimetoka nje upande.

"Kilikuwa hivi?"

Kijana akafikiri, akainua wake. "Hivi zaidi."

"Kirudishe ndani. Kiwe chini ya mpira."

Kijana akakirudisha.