Dakika Tatu Zilizobaki

Binti yangu mdogo anapenda muziki kuliko chakula. Kila akija likizo kutoka Dar es Salaam, watu wengine hutuletea mkate na sukari, yeye hutuletea nyimbo mpya. Huzipanga kwenye simu yake, akakaa nami barazani jioni, akanitaka nisikilize na niseme ukweli. Nami husema ukweli. Nyingi nazisahau kabla chakula hakijaiva. Chache hubaki.

Likizo moja alinisikilizisha kundi la Malawi liitwalo Madalitso Band. Ni watu wawili tu, Yobu Maligwa na Yosefe Kalekeni. Mmoja anapiga gitaa la nyuzi nne huku akipiga ngoma kwa mguu, na mwenzake anapiga babatoni, chombo kirefu cha kujitengenezea chenye uzi mmoja, kinachotoa sauti ya besi. Walikuwa wakipiga mitaani Lilongwe, wapita njia wakiwatupia sarafu. Mwaka 2019 santuri yao iitwayo Wasalala ilitolewa na kampuni ya Bongo Joe ya Geneva, Uswisi, na tangu hapo wamekuwa wakialikwa kupiga Ulaya.

"Baba," akaniuliza, "hawa ni jirani zetu. Ukivuka Mto Songwe uko kwao. Sisi huku Kyela hatukuwahi kuwa na bendi?"

Nilikaa kimya. Msomaji wangu, kuna maswali ambayo mtu huyangojea miaka thelathini akiomba yasije. Hili lilikuwa moja.

Bendi ilikuwapo. Baba yangu mdogo alikuwa mpiga gitaa la solo. Vyombo vilikuwa vya mfanyabiashara mmoja wa mpunga: magitaa matatu, amplifaya, tumba, ngoma za miguu na jenereta lililokuwa likizimika katikati ya wimbo. Watu hawakuiita kwa jina lililoandikwa kwenye ngoma. Waliiita "bendi" tu, kama tunavyosema "ziwa" bila kuongeza Nyasa, kwa kuwa hakuna jingine la kuchanganya nalo. Msimu wa mavuno ya mpunga, watu wakiwa na fedha mkononi, bendi ilipanda lori ikaenda Ipinda, Mwaya na Matema. Mvua kubwa zikianza barabara ziligeuka matope, na wanamuziki walirudi kwenye majaruba kama watu wengine wote.

Walipiga zaidi nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, maana ndizo watu walizolipia. Lakini usiku ukikomaa, walevi wachache wakishalala, waliingiza nyimbo zao wenyewe za Kinyakyusa. Hizo ndizo zilizowatoa akina mama jikoni.

Vijana wa leo huniuliza kwa nini bendi kama hiyo haikurekodi. Katika miaka ile santuri za bendi zetu zilitengenezwa Nairobi. Mbaraka mwenyewe alirekodi huko. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa Februari 1977, njia hiyo ikazibika, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Kilichobaki kilikuwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na bendi zilizosikika zaidi humo zilikuwa zile zilizokuwa na chama, kiwanda au jeshi nyuma yake, na zilizoimba Kiswahili. Bendi ya mwenye mpunga, yenye nyimbo za Kinyakyusa, ingekwendaje Dar es Salaam, na ingemwambia nini mlinzi wa lango?

Basi walijirekodi wenyewe. Ilikuwa mwaka 1979, mwaka uleule Mbaraka Mwinshehe aliofariki kwa ajali ya gari Mombasa. Waliweka redio kaseti juu ya meza katika ukumbi wa kilabu, wakafunga madirisha, wakapiga saa nzima. Ilitoka kanda moja ya dakika sitini, thelathini kila upande. Hapakuwa na nakala. Mwenye vyombo alipofilisika miaka michache baadaye, aliviuza kimoja kimoja, na bendi ikafa bila mtu kutangaza msiba.

Kanda ilibaki kwa baba mdogo. Wanaokumbuka kanda wanajua kwamba mgongoni zilikuwa na vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, mashine inakataa kurekodi juu ya kilichomo. Baba mdogo alivivunja vyote viwili kwa ncha ya kisu, mbele yangu, akaniambia, "Sasa hii haifutiki."

Mwaka 1988 nilikuwa na miaka kumi na mitano, nakaa kwa baba mdogo kwa ajili ya shule. Wakati huo hapakuwa na kijana aliyetaka kusikia habari za mpunga na kilabu. Tulimtaka Yvonne Chaka Chaka, tuliwataka Kanda Bongo Man na Pepe Kalle. Redioni kulikuwa na kipindi kilichopiga nyimbo mpya, na mimi sikuwa na fedha ya kanda tupu. Lakini nilijua, kama vijana wote walivyojua, kwamba kidirisha kilichovunjwa huzibwa kwa karatasi, na mashine hudanganyika.

Nilichana kipande cha daftari la hesabu, nikakikunja mara nne, nikakishindilia. Nikarekodi upande wa kwanza. Siku ya pili nikarekodi upande wa pili, hadi kipindi kilipokatizwa na taarifa ya habari, nikazima. Sikufanya kwa bahati mbaya wala kwa kutojua. Nilijua kilichomo, nikaona ni cha kale.

Wiki kadhaa baadaye baba mdogo aliitia kanda mashinani akiwa na mgeni. Ukatoka wimbo wa kina Chaka Chaka. Alisikiliza kidogo, akageuza upande, akasikiliza tena, akaitoa. Akamwambia mgeni kwamba unyevu wa Kyela unaharibu kila kitu, hata kanda. Mimi nilikuwa mlangoni. Nikaitikia kwamba ni kweli, unyevu ni mbaya sana.

Hakuniuliza kamwe. Alifariki mwaka 1996, na vitu vyake vikagawiwa. Kisanduku cha bati kilichokuwa na kanda kikaja kwangu, nikakiweka juu ya dari. Kwa muda mrefu nilijituliza kwa kusema kwamba alikufa akiamini ni unyevu.

Hayo yote nilimweleza binti yangu jioni ile. Hakunilaumu. Alipanda darini akashusha kisanduku. Kanda ilikuwapo, imejaa vumbi. Akatazama mgongoni, akachokoa kwa kucha, akatoa karatasi yangu. Ilikuwa bado na miraba ya daftari la hesabu na tarakimu mbili za mwandiko wangu wa utotoni. Akaiweka mezani, tukaitazama kama watu wanaotazama jino lililong'olewa.

Tulimpelekea kanda fundi redio mjini, mzee ambaye bado ana mashine inayozunguka. Tulisikiliza upande wa kwanza wote: nyimbo za mwaka 1988, zenye mikwaruzo. Upande wa pili vilevile. Kisha ikasikika sauti ya mtangazaji ikianza habari, ikakatika. Baada ya mlio mdogo ukatoka ukumbi: watu wanakohoa, mvua inapiga bati, na baba mdogo anahesabu moja, mbili, tatu. Gitaa likaingia. Zilikuwa dakika kama tatu, mwisho wa kanda, sehemu ambayo taarifa ya habari iliiokoa. Gitaa la solo linauliza, tumba linajibu, na wimbo wa Kinyakyusa unaanza ubeti wa pili kabla kanda haijaisha. Fundi aliacha kazi yake. Binti yangu aligeuka akatazama ukutani.

Akasema, "Nani mwingine yuko hai?"

Yuko mmoja tuliyemfahamu, mpiga tumba, anayeishi Matema karibu na soko la Lyulilo, pale wanawake wa Kikisi wanapoleta vyungu vyao kwa mitumbwi. Siku hizi ni safari nyepesi, kuna lami kutoka Kikusya kupita Ipinda mpaka Matema, njia ileile iliyokuwa ikilimeza lori la bendi. Tulimkuta amekaa chini ya mwembe akishona wavu, milima ya Livingstone nyuma yake, ziwa mbele yake. Binti yangu akampa shikamoo, nami nikamsalimu kwa Kinyakyusa. Alinitambua kwa sura ya ukoo.

Tulimsikilizisha zile dakika tatu. Alisikiliza mara mbili, vidole vikicheza juu ya goti. Kisha akauliza zilizobaki ziko wapi. Nikaona kwamba hapo naweza kusema tena unyevu. Maneno yalikuwa yamekwisha fika mdomoni.

Nikamwambia ukweli, mbele ya mtoto wangu: karatasi, daftari, nyimbo mpya, na uongo wa mlangoni.

Mzee akaendelea na wavu wake kidogo. Kisha akasema, "Alijua."

Nikamwambia haiwezekani, hakuniambia neno.

"Alikuja nayo hapa. Akanionyesha ile karatasi, ina hesabu zako. Akasema, huyu kijana angeniomba fedha ya kanda tupu ningempa. Halafu akairudisha karatasi palepale alipoitoa."

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile. Ningependa kukuambia, ndugu msomaji, kwamba yaliniondolea mzigo. Yalinibadilishia mzigo tu. Kwa miaka yote nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikimlinda na ukweli, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinilinda na aibu. Na alikuwa tayari kunipa nilichokitaka. Sikuwa nimekosa fedha, nilikuwa nimekosa kuomba.

Mzee alimwambia binti yangu amletee ndoo. Akaipindua, akaanza kuipiga, akaimba. Sauti imechakaa lakini mapigo hayajachakaa. Wimbo ule wa dakika tatu aliumaliza mpaka mwisho, na hapo ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza unakokwenda: ni wimbo wa mtu anayemngoja ndugu aliyevuka ziwa. Kisha akaimba mwingine, na mwingine, hadi nne. Watoto wa jirani wakajaa. Binti yangu alirekodi zote kwa simu. Tulipoaga, mzee alikataa fedha, akapokea kilo mbili za sukari, akasema, "Ndaga fijo," kana kwamba sisi ndio tuliompa kitu.

Njiani nilimuuliza binti yangu kama simu ina vijino vya kuvunja. Akacheka, akasema haina. Kinga yake, alisema, ni kutokuwa na nakala moja. Kabla hatujafika Ipinda alikuwa amekwisha watumia ndugu zake wawili, mmoja Mbeya na mmoja Dar es Salaam.

Sikatai nyimbo mpya, na wala simlaumu kijana anayezitaka. Hata Madalitso Band walikuwa wapya kwangu, na wao ndio waliouleta mjadala huu nyumbani. Wimbo mpya utakuja kesho na kesho kutwa, hauhitaji msaada wangu. Lakini ule wa kwetu ulikuwa umebaki kwa mzee mmoja mwenye ndoo. Kama unaye wako, chini ya mwembe wowote ule, nenda ukamsikilize. Na kama kuna ulichokiharibu, mwambie.

Kanda nimeirudisha kisandukuni. Karatasi ya hesabu sikuirudisha. Iko katika Biblia yangu, na kila nikiifungua naisoma: saba mara nane, hamsini na nne. Hata hesabu yenyewe nilikuwa nimekosea.