Udi Hautoi Mkojo wa Paka, Tuache Kujidanganya

Watu wangu wa Isiolo, tuongee ukweli. Paka akikojolea kapeti, nyumba nyingi hapa zina dawa mbili tu: choma udi, na ikishindikana, mtie paka kwa gunia akatupwe mbali na mji. Mimi naona zote mbili ni kujidanganya.

Tuanze na udi. Mkojo wa paka una asidi ya yuriki. Ikikauka inageuka chembechembe ngumu ambazo maji peke yake hayazitoi, na zinajificha chini kabisa ya kapeti. Kiangazi unaweza hata kusahau. Mvua ya Aprili ikinyesha, hewa ikipata unyevu, harufu inarudi kama mgeni aliyesahau simu. Udi unaongeza tu harufu ya pili juu ya ile ya kwanza. Na kama mnaswali juu ya hiyo kapeti, hapo ni mambo mengine kabisa. Paka mwenyewe si najisi, lakini mkojo wake ni najisi, na manukato hayaondoi najisi.

Jik pia wacha. Mkojo unatoa amonia, na Jik ikikutana na amonia inatoa gesi ya sumu. Chumba kidogo, madirisha yamefungwa sababu ya vumbi, utaumiza kifua bure. Usiichanganye na siki pia.

Fanya hivi. Mkojo ukiwa bado mbichi, weka kitambaa kikavu na ukanyage mpaka kinyonye. Usisugue, utausukuma chini zaidi. Mwaga maji baridi kidogo, kanyaga tena. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha hapo dakika 10, kisha kausha. Jaribu kwanza kwa kona, rangi isije ikatoka. Nyunyiza baking soda, iache usiku mzima, asubuhi fagia. Kama ni kapeti ya swala, malizia kwa kumimina maji safi. Halafu anika juani. Jua Isiolo hatununui. Doa la zamani linataka sabuni yenye vimeng'enya, hiyo ndiyo inavunja asidi yenyewe.

Sasa hilo gunia. Paka anarudi pale pale kwa sababu bado anasikia harufu yake, na pua yake ni kali kuliko yako. Ukimtupa, kapeti bado inanuka na panya wanasherehekea. Mpe beseni kuukuu lenye mchanga wa lugga, na utoe uchafu kila siku. Dume ambaye hajahasiwa ananyunyizia ukuta na pazia kuweka alama, si madharau. Lakini akianza ghafla, au anachuchumaa tena na tena bila kutoa kitu, huyo ni mgonjwa. Dume aliyezibwa mkojo anaweza kufa ndani ya siku chache tu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mbuzi akiugua hapa kila mtu anakimbia. Na paka je?

Anatukamatia panya usiku kucha na hajawahi kudai mshahara. Kabla hujashika gunia, shika chupa ya siki.

Kwenu mnatumia nini? Niambie. Usiniambie tu udi.