Kufika Kigoma si kazi, kazi ni kuondoka

Najua nimepotea, lakini msimu wa mitihani mnaujua wenyewe. Leo siongelei boom wala foleni ya kafeteria. Leo naongelea mafuta ya ndege. Ndiyo, mimi huyuhuyu mwalimu mtarajiwa wa jiografia na kemia, ambaye nikienda nyumbani napanda basi mpaka miguu inavimba.

Chanzo ni ubishi wa chumbani. Jamaa wa kitanda cha juu, mtoto wa Dar, anauliza kwa nini matajiri wenye vindege vyao hawamiminiki Kigoma. Ziwa tunalo, sokwe wapo Gombe na Mahale, migebuka ndiyo usiseme. Nikamwambia sababu mojawapo ni mafuta. Akacheka mpaka kitanda kikalia. "Si anatua, anaenda sheli, anajaza, anasepa?" Chumba kizima kikamuunga mkono. Nilizidiwa kelele, siyo hoja, kwa hiyo hoja naziweka hapa mzisome kwa utulivu.

Ndege zote hazinywi kinywaji kimoja. Zile kubwa za ratiba tunazoziona zikishuka Kigoma, kama Dash 8 Q400 za Air Tanzania, zina panga boi mbele ya bawa lakini ndani yake ni injini ya turbini. Inakunywa Jet A-1. Jet A-1 ni ndugu wa tumbo moja na mafuta ya taa, ila yenyewe imesafishwa na kupimwa kwa masharti makali zaidi, na haigandi mpaka baridi ifike nyuzi 47 chini ya sifuri. Kwa mtu wa Kigoma hilo linaeleweka haraka. Karabai za wavuvi wa dagaa, zile zilizokuwa zinafanya ziwa usiku lionekane kama mji mwingine (siku hizi wengi wamehamia taa za betri na sola), zilikuwa zinawaka kwa ukoo huohuo wa mafuta.

Sasa Cessna 172, ndege ya watu wanne ambayo mtu binafsi anaweza kuimiliki, ina injini ya pistoni kama ya gari. Hiyo inataka petroli ya ndege, marubani wanaiita avgasi. Ya kawaida imetiwa rangi ya bluu ili isichanganywe na nyingine. Ukiiwekea Jet A-1 kwa bahati mbaya, injini inaweza kuwaka vizuri tu pale chini kwa petroli iliyobaki kwenye mipira, ikaondoka, halafu ikafia juu ya miti. Ndiyo maana bomba la kujazia Jet A-1 limetengenezwa na mdomo mpana usioingia kwenye tundu la tangi la petroli, na ndiyo maana rubani makini anasimama palepale anapojaziwa, hata kama jua linachoma. Akiwa na wasiwasi, kuna jaribio la shule ya msingi kabisa: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli inakauka inapotea, Jet A-1 inaacha doa la mafuta kama karatasi ya maandazi. Hili nitalifundisha darasani siku moja, nawaambia.

Kwa hiyo uwanja kuwa na mafuta si sawa na kuwa na mafuta yako. Hapa ndipo jamaa yangu alipokwama. Mafuta yanafuata mteja mkubwa. Q400 moja inabeba maelfu ya lita, kwa hiyo ipo sababu ya kibiashara ya kupeleka lori la Jet A-1 mbali. Cessna 172 ikijaza sana ni lita 200 hivi, na inaweza kupita wiki nyingine haijaja. Nani atafunga tangi zima, pampu na mtu wa zamu kwa mteja wa namna hiyo? Ndiyo maana petroli ya ndege utaitegemea zaidi penye vindege vingi, kama Arusha, Dar es Salaam au Wilson kule Nairobi. Ukishatoka huko, unapiga simu kwanza. Tena hupigi kuuliza "mna mafuta?", unauliza yapi, lita ngapi, na kama yatakuwepo Alhamisi.

Hebu tupige hesabu. Kutoka Dar mpaka Kigoma kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,080. Cessna 172 yenye lita 200 inachoma kama lita 35 kwa saa na inakwenda kilomita 200 na kitu kwa saa. Kwenye karatasi inafika. Lakini sheria na akili vinataka ubaki na akiba, na Kigoma ukikuta mvua imefunga uwanja lazima uwe na pa kukimbilia, na Tabora iko kilomita 350 nyuma yako. Kwa hiyo mtu mwenye akili anapumzikia njiani. Halafu kuna kurudi. Upepo wa nchi yetu mara nyingi unatoka mashariki, maana yake ulipokuja ulikusukuma, ukirudi unakupiga kifua.

"Basi abebe madumu!" Nilijua mtasema. Lita moja ya petroli ya ndege ina uzito wa kama kilo 0.72, kwa hiyo lita 200 za kurudia ni kilo 144. Hao ni watu wazima wawili. Kandege hako, watu na mafuta na mizigo vyote pamoja, kanabeba takribani kilo 400. Toa kilo 144 za tangi lililojaa, toa 144 za madumu, anabaki rubani na begi lake. Na huyo rubani amekaa saa tano na mvuke wa petroli mgongoni. Mimi ningeshuka nikapande basi langu.

Ndiyo maana silichukulii suala hili kama anasa ya matajiri. Kiti kinachokaliwa na dumu ni kiti ambacho angekaa daktari, au mama anayetolewa kijijini huko mwambao wa kusini ambako boti inachukua siku nzima. Shirika la AMREF lilianza 1957 kama madaktari wa kuruka, na mmoja wa waanzilishi, Michael Wood, alikuwa anarusha ndege ndogo mwenyewe kwenda kupasua wagonjwa. Leo AMREF Flying Doctors wanatumia ndege kama Pilatus PC-12, ambayo ni turbini, Jet A-1. Wamisionari nao walifika hukohuko. Ile ndege inayoitwa Kodiak, iliyopata kibali Marekani mwaka 2007, ilibuniwa huku mashirika ya kimisionari yakifikiriwa tangu mwanzo, kwa sababu petroli ya ndege ilikuwa inazidi kuwa adimu na ghali kwenye nchi wanazofanyia kazi. Waliona ni rahisi kubadilisha ndege kuliko kubadilisha mafuta ya dunia.

Kabla hamjafika huko, najua mwingine anauliza: petroli ya sheli je? Swali zuri. Zipo injini zinazoikubali, kwa mfano Rotax 912 za vindege vyepesi, na zipo Cessna za zamani zenye kibali maalumu. Lakini injini nyingi za ndege zinataka oktani kubwa, la sivyo mafuta yanalipuka kabla ya wakati ndani ya silinda. Petroli ya gari nayo ina tabia ya kugeuka mvuke kwenye mipira joto likizidi. Na hapa kwetu kuna neno moja linatosha kumtisha rubani: uchakachuaji. Mnakumbuka habari zake. Mwaka 2010 EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya kwenye dizeli. Gari likichakachuliwa linazimika pembeni ya barabara, unasukuma. Juu ya ziwa unasukuma nini?

Kuweka akiba mbele ya safari nako siyo jambo jipya Kigoma. Mwaka 1916, Wabelgiji walipoleta ndege za kutua majini kuja kuishambulia Kigoma ya Wajerumani, hawakukuta petroli hapa. Ndege, mabomu na petroli vyote vililetwa kwa kuvuka Kongo, reli na mto. Na nyuma zaidi, Livingstone alifika Ujiji 1871 akiwa hoi, akitegemea vifaa vilivyotumwa kutoka pwani, akakuta mtu aliyekabidhiwa ameshaviuza. Babu mmoja wa mtaani kwetu Ujiji nilipompigia hadithi hii ya mapipa alicheka akasema, "Mjukuu wangu, kitu ukikiacha huku mwisho wa reli, muache na ndugu yako akikalie." Na ni kweli. Anayepeleka pipa la mafuta mbele lazima awe na mtu. Pipa lisimame vibaya, mvua inatuama juu, maji yanaingia taratibu. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini, na chini ndiko injini inakonyonya. Kwa hiyo unachuja, unasubiri, unatoa kidogo kwenye chupa ya kioo unaangalia. Kumbukeni hata debe letu la kupimia mahindi na mawese lilianza maisha yake likiwa kopo la mafuta, kwa hiyo haya mambo ya kusafirisha nishati kwa makopo tunayo kwenye lugha kabisa.

Sasa linalonikera mimi kama mwalimu. Ile petroli ya bluu bado ina risasi, madini yale, siyo ya bunduki, ingawa kwa ubongo wa mtoto tofauti siioni kubwa. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya gari yenye risasi kufikia Januari 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikaacha 2021. Ya ndege ikabaki. Mwaka huohuo 2021 ulitoka utafiti kuhusu uwanja wa Reid-Hillview huko California: watoto wanaoishi karibu na uwanja walikutwa na risasi nyingi zaidi kwenye damu, na wilaya ikaacha kuuza petroli yenye risasi hapo kuanzia Januari 2022. Marekani wamejiwekea lengo la kuiondoa kabisa ifikapo mwisho wa 2030, na 2022 walishaidhinisha petroli ya oktani 100 isiyo na risasi, inaitwa G100UL.

Mimi nataka risasi iondoke, hata kesho. Ila najua kitakachotokea. Mafuta mapya yatafika kwanza penye ndege nyingi, na mwisho wa reli tutakuwa wa mwisho kweli. Kwa hiyo naona kwa upande wa Kigoma tusisubiri petroli mpya. Zipo injini za pistoni zinazofanya kazi kama dizeli na kunywa Jet A-1, Diamond DA42 inazo tangu miaka ya 2000. Ndege ndogo, mafuta ya ndege kubwa, yanayofuata njia ileile ya lori la ndege za ratiba. Tatizo ni bei. Mwenye Cessna ya 1975 aliyoinunua mkono wa tano hawezi kubadilisha injini kwa sababu mimi nimeandika. Huyo hesabu yake ni ileile: apunguze abiria, au mapipa yake yatangulie Tabora wiki mbili kabla, na awe na ndugu wa kuyakalia.